Giga Nane za Ziada

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla saa mbili na nusu kama bomba lililofungwa, na jua likatoka kali juu ya barabara iliyolowa. Sajini alimshukuru Mungu kwa mvua, akamshukuru tena ilipokatika, maana kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinavuja.

Saa tatu kamili mwanamke huyo alikuwa mlangoni pa duka la kompyuta, kati ya kinyozi na duka la vitambaa. Alikuwa na daftari, kalamu mbili, na muda wa saa sita. Saa tisa alasiri faili la shauri hili lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na fundi wa duka angelala rumande.

Shauri lenyewe lilikuwa la vipande viwili vya memori. Kipande kimoja ni chembamba, kirefu kuliko kidole cha kati, kina meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na kina ukubwa wa giga nne. Ukikichomeka ndani ya kompyuta, inapata nafasi zaidi ya kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Ukiwa navyo viwili kwenye kiganja, unaweza kuvifunika kwa kiganja cha pili.

Mwenye duka alimpokea kaunta. Watu walimwita Mzee Risiti, kwa sababu hata ukinunua gundi ya kubandikia karatasi, hutoki dukani mwake bila risiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Karibu. Mwizi yupo kule nyuma, nimemkalisha."

"Mtuhumiwa," Sajini alisema huku akifungua daftari. "Hilo neno lingine tumwachie hakimu. Nieleze tangu mwanzo."

"Mwanzo na mwisho ni kitu kimoja. Mwezi uliopita nilikuwa na vipande kumi na viwili vya giga nne. Vikauzwa viwili kwa Mwalimu, yule mama anayefundisha watu wazima. Vinabaki vingapi?"

"Kumi."

"Viko vinane. Jumatatu hii Mwalimu mwenyewe anakuja hapa, anasimama pale uliposimama, ananiambia, ndugu yangu, nilinunua giga nane, mashine yangu inaonyesha kumi na sita, njooni mchukue kilicho chenu. Nane zimezidi kwake. Nane ni vipande viwili. Na stoo vimepungua viwili. Aliyemfungia ni fundi wangu, Bisibisi. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaimaliza."

"Na kwa nini mtu aibe kwako, kisha asiuze, ampe mteja bure?"

"'Kwa nini' ni kazi yenu nyinyi. Mimi kazi yangu ni 'ngapi'."

Sajini aliandika jibu hilo kama lilivyosemwa. "Naomba kuliona daftari la stoo."

Mzee Risiti aliivuta kompyuta ya kaunta, mashine ya zamani yenye kasha lililochakaa pembe. Akabofya. Daftari likafunguka kabla hajaondoa kidole.

"Ya zamani hii, lakini ina mbio," Sajini alisema.

"Siku hizi inaruka kama mbuzi. Ni huyo huyo Bisibisi aliyeisafisha vumbi mwanzoni mwa mwezi uliopita. Mkono wa kazi anao, nisiseme uongo mbele ya serikali. Basi tu, umekuwa mrefu."

Mtunza stoo alikuwa mwanamke mnene mwenye funguo shingoni. Dukani kila mtu alimwita Shangazi, hata wanaomzidi umri.

"Stoo ina funguo ngapi, Shangazi?"

"Mbili. Huu hapa na wa mzee."

"Bisibisi?"

"Hana. Akihitaji kitu anakuja, namtolea, anasaini."

"Wewe ukienda kula unaacha mlango wazi," Mzee Risiti alidakia.

"Mlango wangu hauachwi wazi, mzee! Usinipake matope asubuhi yote hii. Naenda kula na funguo shingoni, hadi mama lishe ananiuliza kama nalinda benki."

Shangazi alitoa daftari lake la karatasi, na Sajini akatazama saini za siku aliyonunua Mwalimu. Bisibisi alisaini mara mbili. Mara ya kwanza vipande viwili vya memori. Mara ya pili saa kumi jioni, wino umevuja, maandishi hayasomeki.

"Na hii?"

Mzee Risiti aliinama, uso ukamng'aa. "Hii ndiyo! Kachukua viwili, akarudi kuchukua viwili tena!"

Shangazi alilivuta daftari, akaligeuza kwenye mwanga. "Feni. Alichukua feni ya kompyuta ya yule mteja wa ofisi ya bima. Mzee, risiti yake uliikata wewe."

Risiti ilitafutwa, ikapatikana. Feni moja, saa kumi na dakika tano. Mzee Risiti aliirudisha kwenye droo.

"Vipande vyenu vina namba?" Sajini aliuliza.

"Kila kimoja kina yake. Tunaiandika siku ya kuuza, kwenye risiti. Stoo tunahesabu vichwa tu."

"Na vipande vyote kumi na viwili vilikuwa vipya?"

"Vipya, kwenye mifuko yao. Mimi siuzi mtumba wa memori."

Sajini aliandika: *vipya*. Akapiga mstari chini yake.

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ndefu, taa ya kuinamisha, na mashine tatu zilizofunguliwa matumbo. Bisibisi alikaa kwenye stuli, mikono juu ya magoti. Mzee Risiti alikuwa amemkataza kugusa kifaa chochote. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, ndevu zimechongwa.

"Umekula?" Sajini aliuliza.

"Nimefunga leo, afande."

"Kwa ajili ya shauri hili?"

"Hapana. Ni funga ya shukrani. Nilishaipanga kabla haya hayajatokea, nikaona nisiiahirishe."

Sajini alikaa kwenye kreti. "Mashine ya Mwalimu ina vipande vinne. Vyote umevifunga wewe?"

"Vyote."

"Viwili ulivisainia. Viwili vingine vilitoka wapi?"

Bisibisi alinyoosha ukosi wa shati.

"Nimekuuliza."

"Sikuiba, afande."

"Sijakuuliza kama uliiba. Nimeuliza vilitoka wapi."

"Hapo mdomo wangu umefungwa. Niliweka nadhiri."

"Kwa nani?"

Bisibisi aliinua kidole juu. Sajini alitazama dari. Kulikuwa na feni mbovu, inaning'inia.

"Juu zaidi," Bisibisi alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Unajua saa tisa faili linaondoka?"

"Najua."

"Una mke?"

"Ninaye. Na mtoto yuko njiani, Mungu akijalia."

"Na bado husemi?"

"Afande, nadhiri nikiivunja kwa sababu ya faili, basi yalikuwa maneno tu. Niulize lingine lolote, nitakujibu."

Sajini alimuuliza mengine tisa, na yote yakajibiwa bila kusita. Aliposimama kuondoka, Bisibisi alimwita.

"Samahani. Ukienda kufungua mashine ya Mwalimu, gusa chuma cha kasha kwanza kabla ya kugusa memori. Mwili una umeme wake, unaweza kuziua. Darasa lake ni kila jioni, asije akakwama."

Sajini aliandika na hilo.

Mwalimu aliishi nyumba ya pili kutoka kona, chumba cha mbele kikiwa ndicho darasa. Palikuwa na meza moja, kiti kimoja chenye mto, kompyuta, na ukutani orodha ya majina arobaini kwa mwandiko wa chaki. Mwenyewe alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, nywele fupi za mvi. Macho yalikuwa mekundu.

"Karibu, mwanangu. Ungenikuta na chai, lakini tangu Jumatatu hakuna kinachopita kooni. Nimempeleka mtoto wa watu polisi kwa sababu ya kusema kweli."

"Ulisema ulichokiona, Mwalimu. Niambie sasa, wanafunzi wako ni nani?"

"Watu wazima. Dereva wa lori, mlinzi wa getini, wauguzi wawili, fundi cherehani, mama mmoja ana wajukuu sita. Zamani tulikuwa na chumba shuleni. Chumba kikahitajika, tukahamia kwenye kompyuta, kila mtu akiwa kwake au kazini kwake. Nawashukuru, hakuna hata mmoja aliyeacha."

"Na mashine ilikuwa na giga ngapi?"

"Nne. Nikiwafungua wote arobaini kwenye kioo, nikafungua na kitabu, inaganda. Mtu anabaki na mdomo wazi dakika nzima kama yuko kwa daktari wa meno. Huyu wa lori anaegesha gari kando ya barabara ili asome, halafu mimi nimeganda. Ndipo nikaenda dukani."

"Ulichaguaje nane?"

Mwalimu aliketi. "Niliandika kwenye karatasi kila ninachofungua kwa wakati mmoja. Nyuso, kitabu, ubao wa kuandikia, sauti. Mzee Risiti akaisoma, akasema, mama, hapa nane zitakutosha kwa shida, kumi na sita zitakutosha kwa raha. Nikamwambia sijui tofauti. Pale kwake wana desturi, mteja asiyejua wanamuonjesha. Akaingia stoo mwenyewe, akatoka na vipande, akavichomeka kwenye ile mashine ya kaunta kwa mkono wake. Akafungua video kumi kwa mpigo. Mwanangu, hazikutikisika! Hapo simu yake ikalia, akatoka nje kusikiliza. Mimi nikabaki natazama. Moyo ulisema kumi na sita, lakini uwezo ulisema nane. Nikamshukuru Mungu kwa nane, nikaenda kwa Bisibisi kutoa oda."

"Yeye alikuwa anasikia?"

"Alikuwa pale pale, kimya. Ni mwanafunzi wangu wa zamani yule. Alikuja akiwa na miaka ishirini na minne, hajui a wala be, anaficha kalamu mfukoni kama mtu anayeficha sigara. Sasa anasoma vitabu vya mashine vinene kuliko tofali."

"Alipokuja kukufungia, alisema nini?"

"Alisema tayari, Mwalimu. Akanikabidhi vipande vyangu vya zamani kwenye mfuko. Akakataa soda."

"Na ulijuaje zimezidi?"

Mwalimu alicheka kidogo, akajizuia. "Jumamosi tulikuwa na somo la kukifahamu kifaa chako. Nikawaonyesha kioo changu, nikamwambia dereva asome mstari wa memori. Akasoma, kumi na sita. Nikamwambia, soma tena, usikimbie, hapa si barabara kuu. Akasoma, Mwalimu, kumi na sita. Nikamuuliza, umevaa miwani? Akasema, nimevaa, na wewe vaa yako. Darasa zima likacheka. Nikavaa. Zikawa kumi na sita."

Sajini aliomba ruhusa ya kufungua kasha. Aligusa chuma kwanza. Ndani, nafasi zote nne zilikuwa zimejaa. Alivitoa vipande kimoja kimoja, akavilaza juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha.

Viwili vilikuwa na meno yanayong'aa. Namba zake zililingana na risiti ya Mwalimu.

Viwili vingine vilikuwa na mikwaruzo myembamba kwenye kila jino, kama kitu kilichowahi kuchomekwa na kuchomolewa. Na kwenye pembe ya kimoja palikuwa na punje mbili za kitu laini, rangi ya waridi. Sajini alizibana kwa ncha ya kalamu. Zilinyumbuka.

Alimpigia simu fundi wa kituo. "Memori ya kompyuta. Nani anaisugua kwa kifutio cha penseli?"

"Fundi yeyote anayejua kazi," sauti ilijibu. "Unasafisha meno yaliyopata ukungu."

"Hata kikiwa kipya?"

"Kipya unasafisha nini, Sajini? Ni sawa na kumwogesha mtu aliyetoka kuoga. Hicho kimekaa ndani ya mashine nyingine muda mrefu."

Alikata simu, akanakili namba mbili, akavirudisha vyote vinne, akawasha mashine mpaka Mwalimu alipothibitisha kwamba inafanya kazi. Saa yake ilionyesha tano na robo.

"Vile viwili vya ziada havikutoka stoo ya duka," alisema.

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Vimetoka wapi, basi?"

"Hilo bado."

"Ukijua, niambie. Siwezi kukaa na mali ya mtu nisiyemjua. Nimefundisha watu hivyo miaka yote, nitawaambia nini?"

Chumba cha Bisibisi kilikuwa ghorofa ya tatu. Mke wake alifungua mlango akiwa na tumbo la miezi minane, rula mkononi. Kazi yake ilikuwa kuchapa: barua za maombi ya kazi, mialiko, ripoti za vikundi. Kompyuta ilikuwa mezani karibu na kitanda, karatasi za wateja zimepangwa chini ya kikombe.

"Karibu, dada. Nilijua mtakuja. Lakini kama ni lile la vipande, sina la kusema."

"Sijakuuliza, shemeji. Naomba tu kuiona mashine. Iwashe."

Mwanamke alibonyeza. Walisubiri. Sajini alihesabu kwenye saa yake dakika mbili. Kabla ya picha kutokea, kioo kikawa cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe. Mke wa Bisibisi alinyoosha kidole haraka kubonyeza.

"Acha kwanza. Inasema nini?"

"Huwa inaandika tu, nabonyeza inaendelea."

Sajini aliinama, akausoma mwenyewe. Mashine ilikuwa inatoa taarifa kwamba kiasi cha memori kimebadilika. Kilichopo ni giga mbili.

"Ilianza lini?"

"Wiki tatu hivi."

Bisibisi alimfungia Mwalimu wiki tatu zilizopita. Sajini hakusema hivyo. "Na kazi inakwendaje?"

"Polepole. Nafungua barua moja, naifunga, ndipo nafungua nyingine. Zamani nilikuwa nafungua sita. Lakini namshukuru Mungu, wateja wana subira, na mimi mwenyewe siku hizi sina haraka." Alijishika tumbo, akacheka.

"Hii mashine ina karatasi zake? Isije ikasemwa kuwa nayo ni ya wizi."

"Ya wizi?" Sauti ilipanda. "Dada, hapa kila kitu kina karatasi! Mume wangu anafanya kazi kwa Mzee Risiti, angewezaje kukosa risiti?" Aliinama kwa shida, akavuta bahasha ya kliniki chini ya godoro, akamwaga karatasi kitandani. "Hii ya kioo. Hii ya kasha. Hii ya kibodi. Hii ya..."

Alisita. Sajini alikuwa ameshaiokota. Risiti ya duka lile lile, ya miaka mitatu iliyopita. Memori, giga nne, vipande viwili. Na chini, kwa mwandiko wa Mzee Risiti mwenyewe, namba mbili.

Sajini alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye namba alizonakili kwa Mwalimu, akazisoma tarakimu moja moja dhidi ya risiti. Zilikuwa zile zile.

Mke wa Bisibisi alijiziba mdomo. "Jamani. Nimesema?"

"Hujasema hata neno moja. Karatasi ndiyo iliyosema."

"Tuliweka nadhiri wote wawili. Nilipopata ujauzito baada ya miaka saba, tulijiuliza tumshukuru Mungu kwa kitu gani. Akasema, mimi mtu wa kwanza kunishika mkono ni Mwalimu, bila yeye nisingeweza hata kusoma kadi yako ya kliniki. Lakini asijue, maana akijua atakataa, na shukrani itageuka kuwa sifa." Alifuta macho kwa mkono wenye rula. "Usimwambie, dada. Nakuomba."

"Kwenye ripoti yangu nitaandika kinachotakiwa na sheria," Sajini alisema. "Sheria haihitaji zaidi."

Saa nane na dakika ishirini Sajini aliingia tena dukani. Alikuwa amempitia Mwalimu njiani, wakaja pamoja. Kaunta palikuwa na wateja wawili, na kinyozi wa jirani amekuja kubadilisha waya. Aliomba Bisibisi aitwe, na Shangazi pia.

"Vimepatikana?" Mzee Risiti aliuliza.

"Vya kwako, bado dakika mbili. Mzee, hii mashine ya kaunta uliinunua na giga ngapi?"

"Nane. Risiti ninayo."

"Siitaki. Fungua pale inapoonyesha memori, utusomee kwa sauti."

Mzee Risiti alibofya. Alitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Mzee, soma," Shangazi alisema.

"Kumi na sita."

Kinyozi aliweka waya wake chini.

"Izime," Sajini alisema. "Fungua kasha."

"Mimi?"

"Wewe. Gusa chuma kwanza."

Mzee Risiti alifungua skrubu moja moja. Kifuniko kilipotoka, alichungulia kama mtu anayechungulia kisimani. Vipande vinne. Viwili vimefifia kwa uzee. Viwili viking'aa.

"Nani aliviweka humo?"

Mzee Risiti alimtazama Mwalimu, kisha vipande, kisha mkono wake mwenyewe. "Siku ile ya kumuonjesha. Nilivichomeka, nikafunga kasha. Simu ikaita. Nikarudi, mama ameshaenda kwa fundi, nikaendelea na mteja mwingine."

"Ulisaini stoo?"

"Mzee huwa hasaini," Shangazi alijibu. "Mzee ana ufunguo wake."

"Na risiti?"

"Sikukata," alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe ndiyo maana inaruka kama mbuzi!" Shangazi alipiga kofi. "Na barua ya kumshtaki mwenzetu si uliichapa humo humo? Si ulinisifia kwamba imetoka haraka?"

Kinyozi alicheka mpaka akajishikilia ukuta. Mzee Risiti hakucheka. Alizunguka kaunta, akaenda mpaka mbele ya Bisibisi, akasimama wima kama mtu aliye mbele ya bendera.

"Nilikuita mwizi mbele za watu," alisema kwa nguvu, hata muuza vitambaa akatokeza kichwa mlangoni. "Mbele za watu nasema, mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, mdogo wangu. Kaa kwenye meza yako. Hakuna atakayekukataza kifaa hapa tena."

"Yameisha, mzee," Bisibisi alisema. "Alhamdulillahi. Yameisha."

Walishikana mikono. Sajini aliandika saa: nane na dakika arobaini. Akampigia simu mkuu wa kituo kwamba faili lisiondoke, lifungwe, na maelezo yatafuata.

"Sasa," Mwalimu alisema. Alikuwa amesimama karibu na mlango wakati wote, mkoba kifuani. "Vya duka vimeonekana, namshukuru Mungu. Vyangu viwili vya ziada ni vya nani?"

"Vina risiti halali ya duka hili," Sajini alijibu. "Nimeiona, nimelinganisha namba. Mwenyewe alivinunua, na mwenyewe amevitoa kwa hiari, akiwa na akili timamu. Ameomba jina lake lisitajwe, na jina hilo litabaki kwenye daftari langu."

"Risiti ya hapa?" Mzee Risiti aligeukia droo. "Basi nakala ninayo. Tarehe gani?"

"Mzee. Funga droo."

Mzee Risiti alimtazama Sajini usoni, kisha taratibu akaisukuma droo mpaka ikalia. Bisibisi alikuwa ameinama juu ya kasha la kaunta, anavitoa vile vipande viwili vipya, na masikio yake yalikuwa yamewiva.

Mwalimu alikuwa mtu wa kuuliza. Miaka yote alikuwa amewaambia wanafunzi wake waulize, waulize tena, wasione haya. Sasa alimtazama kila mmoja aliyekuwa dukani, kinyozi, wateja, Shangazi, Mzee Risiti. Macho yake yalifika kwa Bisibisi, yakakaa hapo kwa muda wa pumzi moja, kisha akayaondoa mwenyewe, kwa makusudi, akatazama barabara.

"Nilikuja nikitaka virudishwe," alisema. "Nilikuwa nimeapa sitalala navyo usiku mwingine. Lakini kumbe kurudisha nako kunaweza kuwa kumnyang'anya mtu." Aliweka mkoba chini. "Afande, andika. Na nyinyi nyote mliopo, mnisikie, mje mnishuhudie."

Sajini alifungua ukurasa mpya.

"Aliyevitoa, popote alipo," Mwalimu alisema, sauti yake ikiwa ile ya darasani, inayofika kiti cha mwisho, "sitauliza ni nani, na sitavirudisha. Na kila jioni nikiwasha mashine ile, kabla sijaita jina la kwanza, nitamwombea kwa Mungu, yeye na nyumba yake na watakaozaliwa humo, mpaka siku nitakaposhindwa kubonyeza swichi. Mbele yenu wote, naahidi."